Lori lililoongezwa nguvu na dizeli isiyofika: dalili, sababu na vipuri vya kuchagua

Malori mengi yanayoletwa kwetu Kampala baada ya injini kuongezwa nguvu huja na malalamiko yanayofanana: linakata nguvu mlimani, linatoa moshi mweusi, linasumbua kuwaka asubuhi, au filta zinaziba kila baada ya safari chache. Mwenye lori huwa ameshanunua nozeli kubwa (ncha za injekta zinazopuliza dizeli ndani ya silinda), turbo kubwa, na pengine pampu kuu, ile ya presha kubwa, iliyofanyiwa kazi, lakini tanki, hosi, fidi pampu (ile inayovuta dizeli tangini na kuipeleka kwenye pampu kuu) na filta ni zile zile zilizotoka na gari kiwandani. Sehemu hizo za bei nafuu ndizo zinazoua zile za bei ghali. Kwa hiyo ninamwomba msomaji aanze tangini na kuifuata dizeli hadi kwenye nozeli, hata pale dalili inapoonekana kuelekeza upande mwingine.

Maelezo yanafuata dalili ambazo madereva na mafundi huzitaja mara kwa mara. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea sana imetangulia, na ukaguzi usiohitaji kufungua kitu umewekwa kabla ya kazi nzito.

Hesabu ya kufanya kabla ya kununua

Matatizo mengi nitakayoyaeleza yangeepukwa kwa hesabu ya dakika kumi. Injini ya dizeli yenye hali nzuri hutumia takriban gramu 210 za dizeli kuzalisha kilowati moja kwa muda wa saa moja. Nguvu za farasi 400 ni kilowati 298 hivi, kwa hiyo injini hiyo ikisukuma kwa nguvu zote hula kilo 63, yaani karibu lita 75 kwa saa, na ukiipandisha hadi farasi 500 hufika kama lita 95. Ikiwa ina silinda sita na inazunguka mara 1,900 kwa dakika, kila nozeli hupiga mara 950 kwa dakika, na kila pigo lazima litoe takriban milimita za ujazo 220 kwa farasi 400, au 280 kwa farasi 500. Tarakimu hiyo ndiyo ya kumpelekea fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Ukimwambia tu kwamba unataka nozeli kubwa, atakupa kubwa, na hakuna atakayejua kubwa kwa kiasi gani.

Kwa upande wa fidi pampu, lita 95 hazitoshi. Dizeli nyingi hupita kwenye pampu kuu na injekta kwa ajili ya kuzipoza na kuzilainisha, kisha hurudi tangini bila kuchomwa. Kwa injini ya farasi 500 mimi hutafuta fidi pampu inayoweza kutoa mara mbili hadi tatu ya kiasi kinachochomwa, tena ikiwa imepimwa na filta zake zikiwa zimefungwa, kwa sababu kiasi kinachoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni cha pampu isiyosukuma kitu chochote mbele yake.

Dalili ya kwanza: lori linakata nguvu mlimani likiwa na mzigo

Hii ndiyo dalili inayoongoza, na ndiyo inayowafanya watu kununua vipuri wasivyovihitaji. Lori linakwenda vizuri kwenye tambarare, lakini likifika mlimani likiwa na mzigo, nguvu zinashuka polepole, na dereva akiachia mafuta kwa dakika moja zinarudi kidogo. Kurudi huko kwa nguvu ni ushahidi mkubwa. Kunaonyesha kwamba dizeli inafika, lakini haifiki kwa kasi inayotakiwa, na pale injini inapopumzishwa mfumo unapata nafasi ya kujaa tena.

Anza na filta. Filta iliyobeba dizeli ya injini ya farasi 300 bila shida inaweza kuziba mapema inapopitisha dizeli ya farasi 450, kwa kuwa uchafu ule ule unafika kwa wingi zaidi kwa saa. Toa maji kwenye kikombe cha chini, badilisha filta zote mbili kwa pamoja, na uangalie ile ya zamani ndani kabla ya kuitupa. Ukiona utelezi mweusi kama matope laini, hiyo ni dalili ya vijidudu vinavyokua mahali maji na dizeli vinapokutana, na kubadilisha filta peke yake hakutasaidia mpaka tanki lisafishwe.

Kisha angalia tundu la hewa la tanki. Fungua kifuniko baada ya lori kupanda mlima. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani, tundu limeziba, na pampu ilikuwa ikivuta dizeli kutoka kwenye chombo kilichofungwa. Vumbi la barabara za murram hulifanya tatizo hili kuwa la kawaida kuliko watu wanavyodhani.

Hatua inayofuata ni kupima mvuto. Funga geji ya mvuto kati ya tanki na fidi pampu, uendeshe lori likiwa na mzigo, na usome geji wakati nguvu zinapokata. Kitabu cha injini hutaja kikomo chake, na ukikivuka, kuna kizuizi upande wa tanki. Kama huna geji, jaribio la jerikeni ni la kuaminika: lori likiwa limeegeshwa, vuta dizeli safi kutoka kwenye jerikeni kwa hosi fupi yenye upana wa kutosha, ipite kwenye fidi pampu ile ile, na ulinganishe presha baada ya filta na ile uliyoipata ukivuta kutoka tangini. Jerikeni isiwekwe karibu na ekzosi, wala lori lisiendeshwe barabarani hivyo.

Lori moja lililobeba saruji kutoka Tororo kwenda Kabale lililetwa kwetu likiwa na fidi pampu ya tatu ndani ya miezi michache. Dereva alisema, “Fundi, tambarare linakimbia, lakini ukishapita Ntungamo ni kama mtu ameshika bomba akalibana.” Tulifunga hosi inayopitisha mwanga kabla ya fidi pampu, na injini ilipokanyagwa mafuta tuliona mapovu madogo yakipita mfululizo, kama soda iliyotikiswa. Mapovu yanaweza kuwa hewa inayoingia mahali palipolegea, au gesi inayotoka kwenye dizeli yenyewe inapovutwa kupita kiasi. Tulikaza kila klipu, na mapovu hayakupungua. Tulipotoa bomba la kuvutia lililomo ndani ya tanki, wavu wake mdogo ulikuwa umefunikwa na nyuzi za kitambaa, kile ambacho mtu alikuwa akifungia mdomo wa tanki kifuniko kilipopotea. Nyuzi zilitolewa kwa vidole. Fidi pampu zote tatu zilikuwa nzima.

Ikiwa mvuto uko sawa, pima presha baada ya filta. Kama ni ndogo na fidi pampu ni ya umeme, usikimbilie kuibadilisha: pima volti kwenye soketi ya pampu yenyewe, ikiwa inafanya kazi. Ikiwa volti ziko chini ya zile za betri kwa zaidi ya moja, tatizo liko kwenye waya mwembamba, relei iliyoungua au kiungo cha kwenye chasisi kilichopata kutu. Pampu mpya kwenye waya huo itatoa dizeli kidogo vile vile.

Kuhusu uchaguzi wa vipuri kwa dalili hii, ushauri wangu ni hosi na mabomba yenye upana wa ndani wa nusu inchi, yaani milimita 12 hadi 13, kuanzia tangini hadi filta kwa injini ya farasi 400 hadi 500, na viungo vya kona kali vipunguzwe kadiri inavyowezekana. Hosi iwe imeandikwa kwamba ni ya dizeli. Hosi ya maji hulainika ndani, na utando wake wa ndani hubanduka na kuziba njia huku nje ikionekana mpya. Fidi pampu ya umeme iunganishwe kwa njia itakayoizima injini ikizimika, kwa sababu pampu inayoendelea kusukuma baada ya ajali humwaga dizeli juu ya ekzosi yenye moto.

Kwa injini za komoni reli, yaani zile ambazo pampu kuu hujaza bomba moja la presha kubwa linalolisha injekta zote, kifaa cha uchunguzi kitakuonyesha presha inayotakiwa na presha iliyopo. Zote mbili zikilingana mlimani wakati nguvu zimekata, dizeli haina hatia, nawe uangalie hewa. Presha iliyopo ikishuka chini ya inayotakiwa na upande wa presha ndogo umeshathibitishwa kuwa mzima, basi ama injekta zinarudisha dizeli nyingi mno, au valvu ya kudhibiti presha inavuja, au pampu kuu imechoka, au nozeli ulizonunua ni kubwa kuliko uwezo wa pampu hiyo. Sababu hiyo ya mwisho huonekana sana kwenye injini zilizoongezwa nguvu kwa kubadilisha nozeli tu.

Onyo: mfumo wa komoni reli huwa na presha ya baa 300 hivi injini ikinguruma bila kukanyagwa, na hupita baa 1,600 kwenye mzigo. Usilegeze bomba lolote la presha kubwa injini ikiwaka, wala mara tu baada ya kuizima. Subiri kwa muda uliotajwa na kitabu cha injini. Usitafute mvujo kwa mkono. Tumia kipande cha boksi. Mchirizi mwembamba wa dizeli hupenya ngozi bila maumivu makubwa, na jeraha lake huonekana kama kitobo cha sindano, lakini ndani nyama inaharibika. Mtu aliyepigwa na mchirizi huo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na daktari aelezwe wazi kwamba ni dizeli iliyoingia kwa presha. Asisubiri uvimbe.

Dalili ya pili: moshi mweusi na joto kubwa la ekzosi

Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuichoma. Kabla ya kulaumu nozeli, angalia filta ya hewa, kisha kagua hosi za kutoka kwenye turbo hadi kwenye injini, hasa zile za kwenye kipoza hewa; kipasuko kidogo chini ya mkunjo hufunguka presha inapopanda tu. Sabuni ya maji na presha ndogo ya kompresa vitakionyesha.

Ikiwa njia ya hewa ni nzima, rudi kwenye hesabu. Injini ya dizeli kwenye mzigo mkubwa inahitaji takriban kilo 18 za hewa au zaidi kwa kila kilo ya dizeli ili isitoe moshi. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kabale inakaribia mita 2,000, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Turbo hufidia sehemu ya upungufu huo, lakini nozeli iliyochaguliwa kwa majaribio ya pwani itamwaga dizeli ile ile mahali hewa haipo. Lori linalofanya kazi kati ya Kampala na Katuna, mpakani na Rwanda, lichaguliwe nozeli kwa ajili ya Kabale, hata kama mwenye lori atapoteza farasi 20 kwenye tambarare. Msimamo huu umewahi kunipotezea wateja, na bado ninaushikilia.

Sababu zisizo za kawaida sana ni nozeli yenye pembe isiyolingana na bakuli la pistoni, washa (ringi bapa) ya shaba yenye unene usio sahihi chini ya injekta, na majira ya kupuliza dizeli yaliyochelewa. Washa nene huinua ncha ya nozeli, na miale ya dizeli hugonga mahali pasipotakiwa. Tofauti ya nusu milimita inatosha.

Onyo: kila injini iliyoongezwa nguvu ifungwe geji ya joto la ekzosi kabla ya turbo. Joto likizidi nyuzi 700 za Selsiasi na kubaki hapo, dereva apunguze gia na kuachia mafuta. Likiendelea hivyo kila mlima, lori lisirudi barabarani mpaka kiasi cha dizeli kipunguzwe na mtu mwenye mashine ya kupimia, kwa kuwa kinachofuata ni pistoni kuyeyuka.

Dalili ya tatu: linasumbua kuwaka

Tofautisha asubuhi na mchana. Likisumbua asubuhi tu, kisha likawa zima kutwa nzima, dizeli inarudi tangini usiku kwa sababu hewa inaingia mahali fulani, au valvu ya kuzuia isirudi nyuma imechoka. Pampu ya mkono itakujibu: ikiwa inakuwa laini kila asubuhi na kukaza baada ya kupigwa mara nyingi, tafuta hewa. Anza na mpira wa filta iliyobadilishwa mwisho.

Likisumbua likiwa na moto, baada ya kusimama kwa muda mfupi, mara nyingi sehemu za ndani za injekta au za pampu kuu zimelika, na dizeli ikishakuwa nyepesi kwa joto hupita pembeni. Kwenye komoni reli, kompyuta ya injini haitaruhusu injekta kupuliza mpaka presha ifike kiwango fulani, kwa kawaida baa 200 hivi. Jaribio la chupa ni rahisi: unganisha mrija wa marejesho (unaorudisha dizeli ya ziada tangini) wa kila injekta kwenye chupa yake, washa injini kwa dakika chache, na ulinganishe. Injekta inayojaza chupa yake mara mbili ya nyingine ndiyo yenye shida. Mirija ya marejesho ina presha ndogo, kwa hiyo fundi makini anaweza kulifanya jaribio hili mwenyewe. Usiguse nyaya za injekta injini ikiwa inawaka, kwa sababu hubeba zaidi ya volti 50, na nyingine huzidi 100.

Dalili ya nne: injini inagonga au haitulii inaponguruma

Kwenye komoni reli, sababu ya kwanza ni msimbo wa injekta ambao haukuingizwa kwenye kompyuta baada ya kubadilisha. Kila injekta ina msimbo wake unaoeleza tofauti zake ndogo, na bila msimbo huo kompyuta inakadiria tu. Sababu ya pili ni kuchanganya injekta za vyanzo tofauti, tatu mpya na tatu zilizotumika. Ukinunua kwenye soko la vipuri la Kisekka hapa Kampala au kwingineko, nunua seti nzima, na uombe karatasi ya mashine inayoonyesha kiasi cha kila injekta. Muuzaji asiye na karatasi akubali zipimwe kabla ya malipo kukamilika, asipokubali, ondoka.

Kwenye injini za zamani zenye pampu ya kimekanika, nozeli nyingi hufunguka kati ya baa 180 na 260, na seti nzima inapaswa kufunguka kwa presha inayokaribiana. Mabomba ya kwenda kwenye injekta yawe na urefu sawa. Nimeona bomba moja likikatwa na kuungwa upya kwa sababu lilikuwa linasugua, na silinda hiyo haikutulia tena.

Onyo: pampu ya kimekanika iliyofunguliwa na mtu asiye na mashine ya kupimia inaweza kukwama ikiwa imejaa dizeli, na injini ikakimbia bila kuzimika. Jaribio la kwanza baada ya kazi ya pampu lifanyike mtu mwingine akiwa tayari na ubao wa kufunika njia ya hewa. Asitumie mkono. Kurekebisha gavana, sehemu ya pampu inayodhibiti mwendo wa injini, ni kazi ya mtaalamu peke yake.

Dalili ya tano: oili ya injini inaongezeka

Kijiti cha oili kikionyesha kiwango kilichopanda na oili ikanuka dizeli, zima injini. Dizeli inaingia kupitia mpira wa pampu kuu, injekta inayovuja, au mpira wa injekta kwenye kichwa cha injini. Oili iliyochanganyika na dizeli haishiki tena kwenye beringi za kombo. Lori livutwe hadi gereji.

Dalili ya sita: vumbi la chuma kwenye filta au nozeli zinazoziba upya

Nimeiacha dalili hii mwisho kwa sababu ndiyo inayogharimu zaidi. Kata filta ya zamani, tandaza karatasi yake juani na uipitishie sumaku. Vumbi linalong'aa na kushikwa na sumaku linatokana na sehemu za chuma zinazosagana, na pampu kuu ndiyo mshukiwa wa kwanza. Sababu ya kawaida ni dizeli isiyolainisha. Pampu kuu hulainishwa na dizeli yenyewe, na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hupoteza uwezo huo bila kuonyesha rangi wala uchafu wowote, na filta haiwezi kuyatenganisha. Serikali ina mpango wa kutia alama kwenye mafuta, na shirika la viwango la UNBS hupima vituo, lakini hakuna anayepima dizeli ya madumu inayouzwa kando ya barabara. Injini iliyoongezwa nguvu isiwekewe dizeli hiyo hata mara moja.

Sababu ya pili ni tanki lenyewe. Mafundi wa mtaa wa Katwe hapa Kampala hutengeneza matanki imara, na wengi wenye malori huagiza tanki la pili kwa ajili ya safari ndefu, lakini wakati mwingine huagiza litengenezwe kwa mabati yaliyopakwa zinki kwa sababu hayashiki kutu. Zinki huyeyuka kidogo kidogo kwenye dizeli na kuganda kwenye vitundu vya nozeli, na vivyo hivyo mabomba ya shaba. Agiza tanki la alumini au la chuma cha kawaida, lioshwe vumbi la kulehemu kabla ya kufungwa, na liwe na sehemu ya chini ya kutolea maji.

Onyo: ukipata chuma, usibadilishe pampu kuu peke yake ukaendelea na safari. Chembe zimeshafika kwenye reli, mabomba, injekta na, kupitia marejesho, tangini. Kazi hii ni ya karakana yenye mashine ya kupimia na mahali safi pa kufanyia kazi: tanki litolewe na kuoshwa, mabomba ya presha kubwa yabadilishwe, injekta zipimwe moja moja, na fidi pampu ikaguliwe. Baada ya hapo jaza filta kwa pampu ya mkono, kamwe usimimine dizeli isiyochujwa moja kwa moja kwenye filta ya pili, kisha uendeshe kilomita 500 na uikate filta hiyo mpya ukiangalia tena kwa sumaku. Iandike tarehe na kilomita, uihifadhi, na uilinganishe na ile itakayofuata.